Dondoo muhimu: Kujua mteja anahitaji nini hasa

Mwaka 2005 M-Pesa ilijaribiwa Kenya kama njia ya kulipia mikopo midogo. Wasimamizi wakaona watu wanaitumia kutumiana pesa, na huduma iliyozinduliwa 2007 ikajengwa juu ya hitaji hilo. Ili nawe ulijue hitaji halisi la mteja wako:

1. Anza na "Kazi hii unaifanyaje sasa?", si "Unataka nini?"
2. Nenda dukani au karakanani kwa mteja, umtazame akifanya kazi.
3. Usimkatize, jibu la pili mara nyingi ndilo lenye uzito.
4. Usitaje suluhisho mapema, wengi hukubali kwa adabu tu.
5. Usiishie kwa meneja. Waulize pia karani na mlinzi.
6. Rudia ulichosikia, akusahihishe.
7. Andika papo hapo, kabla hujasahau.