Mche Mkononi mwa Bibi

Ndugu zangu, tunaijua hadithi ya Anas (r.a.): Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Haikutajwa nani atakula matunda.

Mfano uko Uswisi, tena kwa wasio Waislamu. Mwaka 2016 wanawake wazee, wengi wao wastaafu, walianzisha chama, KlimaSeniorinnen, wakaishitaki serikali kwa uzembe juu ya mabadiliko ya tabianchi. Hoja yao ilikuwa umri wenyewe: joto kali huwadhuru zaidi wanawake wazee. Mahakama za kwao ziliwakatalia. Wakaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 9 Aprili 2024 wakashinda. Walikuwa zaidi ya 2,000, wastani wa umri miaka 73.

Hapa pana somo la sheria pia. Bibi wanne walioshitaki kila mmoja kwa jina lake, madai yao hayakupokelewa. Chama ndicho kilichokubaliwa.

Sisi jumuiyani tuko vijana pekee. Wazee wa msikitini tunawakumbuka tukitaka dua na mchango (mchango hasa). Upandaji miti wa muhula huu, tuwaite tangu kikao cha kwanza, nao wapewe kura.