INJINI HAIHESABU MOJA, MBILI, TATU, NNE
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka katika gazeti letu tunasoma juu ya ngeli, methali na mashairi. Hayo ni mazuri sana. Lakini mimi mwaka huu nimeonelea niwaletee somo kutoka gereji, maana kule nako Kiswahili kinafanya kazi, tena mikono ikiwa na grisi.

Wakati wa likizo mimi humsaidia fundi mmoja wa jua kali hapa Ruiru. Pesa anazonipa ndizo zinazonilipia chakula cha mchana hapa shuleni, kwa hivyo kazi ile kwangu si mchezo. Likizo ya Aprili, siku ya Ijumaa, mzee mmoja alituletea Datsun 160J. Nyinyi wa siku hizi mnajua Subaru tu, lakini waulizeni wazazi wenu juu ya gari hilo. Marehemu Shekhar Mehta alishinda mashindano ya Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, akiendesha Datsun Violet, ambayo ni jamii hiyo hiyo ya 160J. Ukiongeza ule ushindi wake wa 1973 na Datsun 240Z, unapata mara tano. Mzee alituambia kuwa alinunua yake kwa sababu ya Mehta, na hajawahi kufikiria kuiuza.

Sasa shida ilikuwa hii: mvua ikinyesha, injini inamisi. Inatetemeka kama mtu mwenye malaria, na mlima haipandi. Na kesho yake, Jumamosi, mzee alikuwa aende Murang'a kwa ruracio ya binti yake. Alitaka kufika na gari hilo hilo.

Fundi alingoja giza liingie kidogo, akanyunyizia maji kidogo juu ya waya za plagi, injini ikiwa inanguruma. Lo! Tuliona vicheche vya samawati vikiruka kutoka kwa waya hadi kwenye chuma cha injini. Fundi akasema, "Umeona? Moto unatoroka njiani. Hizi waya zimezeeka." Mzee akatoka mbio kwenda kununua mpya.

KAZI YA WAYA HIZI

Betri ya gari ina volti 12 tu. Hizo haziwezi kurusha cheche ndani ya silinda. Kwa hivyo kuna koili, ambayo inapandisha nguvu hiyo hadi volti 20,000 na zaidi. Walio Kidato cha Nne wanaijua habari hii katika Fizikia. Kutoka kwa koili umeme unaingia katikati ya kifuniko cha distributa. Ndani yake kuna rota inayozunguka na kugawa umeme huo: hii yako, hii yako, hii yako. Kila silinda ina waya wake wa kuletewa fungu lake.

Waya nyingi za namna hii zina kaboni katikati, si shaba tupu, ili zisipige kelele kwenye redio. Nje zimefunikwa na mpira mnene. Mpira huo ukipasuka kwa joto, au ukilowa oili, umeme unapata njia ya mkato. Maji ya mvua yanaufungulia mlango kabisa.

KOSA LANGU

Waya mpya zilipoletwa, fundi alikuwa chini ya gari jingine. Akaniambia, "Kijana, toa moja, weka moja." Nami nikasema, "Sawa, fundi." Lakini mzee alikuwa amesimama pale akiniangalia, nami nilitaka aone kuwa mimi ni mtaalamu. Nikang'oa zote nne kwa mara moja! Kisha nikashika zile mpya na kuzipanga nikizunguka distributa: moja, mbili, tatu, nne.

Mzee akapiga stata. Kabureta ikatema moto, puu! Na nyuma ekzosi ikalia kama bunduki, hata kuku wa jirani wakatawanyika. Mzee akashika kichwa. "Kijana, umeniulia gari. Kesho nitaenda na nini?"

Fundi alitoka chini ya lile gari jingine, akauliza, "Nani alitoa hizi waya zote?" Pale palikuwa na vijana wengine wawili. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria chakula changu cha mchana, nikafikiria pia kuwa fundi akidanganywa atatafuta ubovu mahali ambapo haupo, na usiku utaingia. Nikasema, "Ni mimi, fundi. Nilizitoa zote." Hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema tu, "Ulihesabu kama mtoto wa nasari. Injini haihesabu hivyo."

INJINI INAHESABU VIPI?

Injini ya 160J ina silinda nne, na ya kwanza ni ile ya mbele, karibu na rejeta. Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, na ya 2 na ya 3 hupanda pamoja. Silinda ya 1 ikishawaka, zinazofika juu baada ya nusu mzunguko ni ya 2 na ya 3. Katika injini hii ni ya 3 iliyo tayari kuwaka, ikifuatwa na ya 4, kisha ya 2. Basi mpango ni 1-3-4-2.

Mimi nilikuwa nimeipa silinda ya 2 cheche ya ya 3. Wakati huo vali yake ya kuingizia petroli ilikuwa inaanza kufunguka, ndiyo maana moto ulirudi kwenye kabureta. Nazo ya 3 na ya 4 zilipata cheche zikiwa zimechelewa, na petroli ikalipukia kwenye ekzosi.

Fundi alinirudishia spana akasema, "Uliharibu, utengeneze." Tulifungua betri na kuweka gia kwa nyutro. Nikatoa plagi ya silinda ya 1, nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, huku nikizungusha injini polepole kwa spana kwenye puli ya mbele. Hewa ilipoanza kusukuma kidole nilijua pistoni inapanda kubana. Nikaendelea mpaka alama ya puli ikakutana na sifuri. Tukafungua kifuniko cha distributa tuone rota inaangalia wapi. Pale ndipo penye waya wa 1. Katika injini hii rota huzunguka kinyume cha akrabu za saa, kwa hivyo nikafuata upande huo: 3, 4, 2.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Zima injini, ingoje ipoe, kisha fungua betri.
2. Toa waya mmoja, tafuta mpya wenye urefu sawa, uweke, ndipo uende kwa mwingine.
3. Shika kofia ya mpira, izungushe kidogo, halafu vuta. Ukivuta waya wenyewe utakatika ndani, na kwa macho hutaona.
4. Sukuma mpaka usikie "tk" pande zote mbili.
5. Waya zisiguse ekzosi. Zipitishe kwenye vishikizi vyake.
6. Waya wa 3 na wa 4 usizifunge pamoja. Hizi hufuatana kuwaka, na umeme wa mmoja unaweza kuamsha cheche katika mwingine kabla ya wakati wake. Ya 2 na ya 1 vilevile.

Saa mbili usiku mzee alipiga stata tena. Mara hii injini ilishika mara moja, ikanguruma vizuri. Fundi akaimwagia maji zile waya, nayo haikumisi. Mzee hakusema mengi, lakini kabla ya kuondoka aliniuliza, "Kijana, ni ngapi baada ya moja?" Nikajibu, "Ni tatu, mzee." Akacheka, akaenda zake.

Jumatatu fundi alinipa pesa zangu zote bila kukata. Wenzangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini akikubali mapema kuwa limevunjika, hutibiwa haraka.