Kila Ardhi na Wakazi Wake

Mmoja wa wanafunzi wetu hapa Mokowe alituuliza darasa lilipokwisha: mikoko ikikatwa kwetu, kuna dhara gani, ikiwa yaweza kuletwa miche kutoka kwengine ikapandwa? Mti si mti? Tulimjibu kwa haraka, na jawabu ile haikuturidhisha sisi wenyewe. Basi twairejea suala yake hapa.

Na asimame msomaji gatini, maji yakiwa yamekupwa. Sote twasema "mikoko", na katika neno hilo moja ndimo kosa lilimoanzia, kwani pwani ya Kenya ina aina tisa za miti hiyo. Aghalabu mlilana ndio ulio mbele, penye kufikiwa na maji kila siku, nao ndio utoao mataruma ya vyombo. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, mti wa boriti, kisha muia na mkandaa. Na huko juu, palipokauka chumvi, husimama mchu. Mkoko huizuia chumvi mizizini isipande. Mchu huiacha ikapanda, kisha huitoa majanini. Asiyesadiki na alilambe jani lake. Mche wa mkoko ukitiwa penye chumvi ya mchu hukauka, na wa mkandaa ukitiwa mbele kwa mlilana huzama. Ni hatua chache tu baina yao, na kila hatua ina wenyewe.

Ikiwa hivi ndivyo katika ufuo mmoja, itakuwaje baina ya nchi na nchi? Kaskazini yetu, ng'ambo ya msitu wa Boni, yuko hirola, mnyama wa jamii ya kongoni mwenye mstari mweupe baina ya macho, ambaye makao yake ya asili ni mpaka wa Kenya na Somalia peke yake. Magharibi yetu, katika misitu ya Mto Tana, yuko mbega mwekundu asiyepatikana mto mwingine wowote. Kima punju asili yake ni Unguja, na Pemba ina popo wake mkubwa ambaye hata Unguja, jirani yake, haina.

Pengine mtu atatwambia kuwa hirola walihamishwa wakapelekwa Tsavo mwaka 1963, na wangaliko. Ni kweli, na twaikubali hoja yake. Lakini baada ya miaka zaidi ya sitini kundi la Tsavo lingali dogo, na huko kwao wenyewe, walikokuwa zaidi ya elfu kumi katika miaka ya 1970, leo wamebaki mamia tu.

Tumrudie mwanafunzi wetu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na serikali ilikwisha piga marufuku kuuza boriti nchi za nje tangu 1982. Shoka, basi, si hatari pekee. Miti hii huvuta pumzi kwa mizizi. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilipomimina udongo katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, mizizi ilifunikwa na miti mingi ikafa ingali wima, bila ya kuguswa na mkono wa mtu.

Nasi hapa tumechimbiwa bandari Kililana, jirani yetu, na gati lake la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya kiasi cha shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya kazi hiyo. Hatusemi bandari haina faida, na vijana wetu wahitaji kazi. Twasema fedha hupimwa kwa samaki waliokosekana, ilhali samaki na kaa hulelewa mizizini mwa miti hiyo, na mizizi haikuwa na wakili.

Darasa lijalo halitasomwa ndani. Tutakutana gatini, maji yakipwa, na kila mwanafunzi atatutajia miti kwa majina yake, kutoka majini kuja juu.