Wahindu Wasadiki Nini?

Askari wa India waliotumwa na Umoja wa Mataifa walikaa miaka mingi katika kambi za Kivu ya Kaskazini, hata upande wa Walikale. Watu wa Mubi, waliokwisha kuzoea wageni kwa ajili ya biashara ya mawe ya kasiterite, wanawajua. Lakini watu wakizungumza juu ya dini ya wageni hao, kwa kawaida husikika maneno mawili tu: kwamba wanaabudu ng'ombe, na kwamba wanachoma wafu wao. Mkatekumeni hapaswi kuridhika na maneno hayo.

Kwanza majina yatenganishwe. Mhindi ni mtu wa nchi ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi ni Wahindu, lakini si wote. Askari mwenye kilemba na ndevu ndefu ni Singasinga, naye ana dini nyingine. Wako Waislamu, tena wako Wakristo wa tangu zamani sana, ambao wazee wao husimulia kwamba walibatizwa na Mtume Tomasi mwenyewe.

Dini ya Kihindu haina mwanzilishi mmoja. Vitabu vyake vya kwanza, viitwavyo Veda, vina umri wa zaidi ya miaka elfu tatu kwa sehemu zake za kale. Wahindu hutaja miungu mingi: Vishnu, Shiva, Krishna na wengine. Hata hivyo wenye elimu kati yao husema kwamba nyuma ya majina hayo yote uko ukuu mmoja usioonekana, nao huuita Brahman. Sanamu hupewa maua, taa na chakula, kama mgeni mheshimiwa apokelewavyo nyumbani. Ng'ombe naye huheshimiwa kama mama, kwa sababu ya maziwa yake. Wengi hawali kabisa nyama yake. Lakini kumheshimu hivyo si kusema kwamba yeye ndiye Muumba.

Jambo kubwa katika dini hiyo ni habari ya roho. Mhindu asadiki kwamba roho haifi, wala haikai katika mwili mmoja tu. Mtu akifa, roho yake huzaliwa tena katika mwili mwingine, mwema au duni, pengine hata wa mnyama, kadiri ya matendo yake. Sheria hiyo ya matendo na malipo yake huitwa karma. Mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa ni mzigo, na tumaini la Mhindu ni kufunguliwa siku moja asizaliwe tena. Kwa karne nyingi fundisho hili lilitumika pia kuwaonea maskini: aliyezaliwa katika tabaka la chini aliambiwa kwamba alijiletea mwenyewe. Wahindu wengi walilipinga jambo hilo, na katiba ya India ya mwaka 1950 ilikataza mtu ye yote kuhesabiwa kuwa najisi asiguswe.

Ndiyo maana maiti huchomwa. Mwili ni kama nguo iliyochakaa. Roho imekwisha kuuacha, na majivu hutiwa mtoni, hasa mto Ganges. Jambo hili lilifika karibu nasi. Gandhi alipouawa mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ililetwa Uganda, ikatiwa katika mto Nile kule Jinja.

Je, Mkristo hutofautiana na Mhindu kwa sababu ya moto? Sivyo. Kanisa lapenda zaidi kuzika, lakini tangu mwaka 1963 laruhusu maiti ya Mkristo kuchomwa, mradi isifanywe kwa kuukana ufufuko. Tofauti iko katika mwili wenyewe. Barua kwa Waebrania (9:27) yafundisha kwamba mtu hufa mara moja tu, kisha huja hukumu. Mwili si nguo ya kutupwa: Kristo alifufuka katika mwili wake, na mkatekumeni akisema Nasadiki hukiri ufufuko wa mwili wake mwenyewe, si wa mwingine.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataja Wahindu kwa heshima, kwa jinsi wanavyolitafuta fumbo la Mungu kwa kufikiri sana, kwa kujinyima na kwa kumkimbilia kwa upendo. Basi anayewacheka haufuati Mtaguso huo. Tena fundisho lao laamsha ulizo ambalo halitoki mbali.

Ulizo: Mtoto akipewa jina la babu yake aliyekufa, je, babu amerudi?

Jibu: Hakurudi. Jina ni la heshima na kumbukumbu, nalo si kosa. Roho ya mtoto imeumbwa na Mungu, mpya. Na roho ya babu iko mikononi mwake Mungu, yangoja mwili wake yenyewe.