SOMO LA VIJANA: MASHINDANO YA PICHA KATIKA NCHI YA CHAI

Likizo ya Agosti inapokaribia, viongozi wa vijana hutuuliza: tuwafanyie nini hawa watoto zaidi ya mpira na kwaya? Safari hii tunapendekeza mashindano ya picha kwa wenye miaka 13 hadi 17. Wengine watasema ni mchezo wa watu wa mjini. Si kweli. Siku hizi simu yenye kamera haikosi kijijini, hata kama ni ya kuazima kwa dada au mjomba. Shida ni kwamba kijana ana picha zake mwenyewe mia moja, amesimama kando ya gari la watu, na hana hata moja ya mama yake akichuma chai.

Tena tujiulize, ni nani hupiga picha za chai yetu? Kalenda na pakiti zimejaa vilima vya kijani vya Kericho na mchumaji anayetabasamu. Picha ni nzuri, hatukatai. Lakini aliyezipiga alikuja asubuhi akaondoka mchana. Hakuona kituo cha kupimia majani jioni, mvua inanyesha, akina mama wamevaa aproni za plastiki wakingoja lori lililokwama kwenye matope kule Bomet. Hakuona vidole vilivyoingia weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Mtoto wa hapa huviona kila siku, vikimpa ugali.

Jambo hili limewahi kujaribiwa hapa Kenya. Mwaka 1997 huko Mathare, Nairobi, vijana wapatao 30 wa chama cha michezo cha MYSA walipewa kamera za plastiki za bei ya chini. Mpiga picha Lana Wong kutoka Marekani alifanya kazi nao pamoja na Francis Kimanzi, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa Harambee Stars. Mradi uliitwa Shootback. Vijana walipiga picha za nyumbani na mtaani, kisha wakaandika wenyewe maneno ya kila picha. Picha zile zikatoka kitabuni. Watu wa nje walikuwa wamezoea kuonyesha Mathare kama taka na vurugu tu. Watoto walionyesha pia kucheka, kunyoana nywele, kulala.

Mfano mwingine ni wa mbali zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1990, katika mkoa wa Yunnan nchini Uchina, ambako nako chai hulimwa, wanawake 62 wa vijijini walipewa kamera wapige picha za maisha yao. Msomi Caroline Wang alikuwa mmoja wa walioanzisha kazi hiyo. Wanawake walizungumza juu ya picha zao mbele ya viongozi, na mambo kama malezi ya watoto wakati mama yuko shambani, ukunga na masomo ya wasichana yakaingia katika mipango. Picha peke yake haikufanya hayo. Ilifanya kwa sababu aliyeipiga alisimama akaieleza.

Kwa hiyo, katika mashindano yetu maelezo yana uzito kama picha. Kila kijana alete picha moja na sentensi tano, kwa Kiswahili au Kipsigis: huyu ni nani, anafanya nini, kwa nini nimekuchagulia hii. Katika alama 20, tungetoa 10 kwa habari iliyomo, 6 kwa maelezo na 4 tu kwa uzuri. Hapo mwenye simu ya shilingi elfu arobaini hatamshinda mwenzake kwa bei. Kati ya waamuzi awepo mchumaji mmoja, si walimu na mwenye studio pekee. Na mwamuzi aione picha ndani ya simu iliyoipiga, maana sasa kuna programu zinazotengeneza picha ya kitu ambacho hakikuwepo kabisa.

Lililo gumu ni ruhusa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Lakini hata bila sheria, tunajua aibu. Kijana akipiga picha ya kogo fulani akiwa kwenye jikoni linalovuja, kisha ikasambaa kwenye simu za kijiji kizima, amemsaidia au amemvua nguo? Kwanza aombe. Baada ya kupiga, amwonyeshe. Akikataa, ifutwe pale pale, na kijana aseme asante.

Mashamba makubwa yana wenyewe. Huko hatuingii bila idhini ya ofisi. Mwezi wa Februari 2023 BBC ilionyesha filamu, iliyopigwa kwa kamera ya siri, juu ya wanawake kudaiwa ngono ili wapate kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Ilileta uchunguzi. Basi kijana asijaribu kuiga. Akiona ubaya wa namna hiyo, aje kwa mtu mzima anayemwamini. Si kazi ya mtoto kuuwinda na simu. Na wasichana watembee wawili wawili.

Desemba haifai. Wavulana wengi wako menjo, na mambo ya menjo hayapigwi picha, kila Mkipsigis analijua hilo.

Sasa ufundi, kwa kifupi. Futa lenzi. Piga asubuhi, maana mchana mvua yetu haina adabu. Anga likiwa jeupe nyuma ya mtu, uso wake hutoka mweusi. Simama upande wa juu wa mteremko ili nyuma yake yawe majani ya chai. Sogea karibu kwa miguu, usivute kwa kidole.

Zawadi iwe ndogo, la sivyo wazazi ndio watakaoshindana. Fedha nyingi ziende kuchapisha picha kwenye karatasi, nakala moja kwa kila aliyepigwa. Kogo ana picha ya mwaka 1974 ukutani. Mjukuu wake hana hata moja ya utotoni, kwa sababu simu iliangukia mtoni.

Maswali ya kujadiliana kikundini: Ni kazi gani hapa kwetu hufanywa kila siku na hakuna aliyewahi kuipiga picha? Kwa nini? Mama akikubali kupigwa na baba akakataa, tufuate la nani? Na ikiwa picha iliyoshinda inaonyesha mizani ya kituo ambayo wakulima wameinung'unikia, tuko tayari kuitundika ukutani siku ambayo mwenye mizani amealikwa?