Darasa la Futiboli: Mlinzi wa Mstari wa Mbele Hapimwi kwa Saa Peke Yake

Kila mwaka ikifika Aprili mabweni hujaa kelele za drafti ya NFL, yaani siku ambazo timu 32 za kulipwa huchagua wachezaji kutoka vyuoni kwa zamu, raundi saba, jumla watu wapatao 250 hivi. Wengi wetu tuliokulia kwenye kandanda tunabaki tunashangaa kwa nini jamaa mmoja wa kilo 120 anagombewa na mwenzake wa umbo lile lile anaachwa. Leo tuchukue nafasi moja tu, walinzi wa mstari wa mbele, tuone wanavyopimwa. Somo hili linamfaa hata asiyependa mchezo huu, maana wapo wenzetu Waafrika vyuoni wanaoambiwa waache masomo wakajaribu bahati yao. Mtu wa namna hiyo anahitaji rafiki anayejua hesabu.

Kwanza, kazi yenyewe. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Kwotabeki ndiye anayeongoza na kurusha, na mbele yake kuna wazuiaji watano wakubwa wanaomkinga. Walinzi wetu, kwa kawaida watatu au wanne, wanaanza uso kwa uso na hao wazuiaji. Walinzi wa kati kazi yao kubwa ni kutosukumwa nyuma, ili anayekimbia na mpira asipate njia. Wa pembeni wanatakiwa pia wawazunguke wazuiaji wamfikie kwotabeki. Wakimwangusha kabla hajarusha, hiyo ni seki. Wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja anapewa nusu, ndiyo maana mtaona hesabu kama 4.5.

Sasa kosa la kwanza la watazamaji ni kuhesabu seki tu. Mchukue Vernon Gholston wa Ohio State. Msimu wa 2007 alipata seki 14. Kwenye vipimo alinyanyua chuma cha kilo 102 mara 37. New York Jets wakamchagua wa sita mwaka 2008. Alikaa nao misimu mitatu, hakupata seki hata moja! Nguvu alikuwa nazo, mbio alikuwa nazo, lakini havikumsaidia kumpita mzuiaji wa kulipwa anayejua kazi yake. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi maskauti wazuri wanatazama nini? Wanakaa na video, jaribio kwa jaribio, wanajiuliza mambo kama haya:

1. Hatua ya kwanza. Mpira ukianza tu kutembea, je, huyu ndiye wa kwanza kunyanyuka, au anasubiri waone wenzake? Mlinzi anayechelewa kidogo tu anamkuta mzuiaji ameshajipanga.

2. Mikono. Mzuiaji anataka kumshika kifuani. Mlinzi mzuri anaipiga ile mikono na kuiondoa, halafu anapita. Mikono mirefu inasaidia, kwa sababu anayefika kwanza kwenye kifua cha mwenzake ndiye anayeamua nani asukumwe. Ndiyo maana urefu wa mkono unapimwa kwa utepe.

3. Kiuno. Anayeinama chini kuliko mwenzake ndiye anayesukuma, kama kwenye mieleka. Mtu mrefu anayesimama wima anapelekwa kama mlango.

4. Mbinu ya pili. Mbinu ya kwanza ikizuiwa, anayo nyingine, au anabaki amekumbatiana na mzuiaji mpaka filimbi?

5. Pumzi na moyo. Mtazame mwishoni mwa mechi, mpira ukiwa umeenda upande mwingine kabisa. Anaufuata au anatembea?

6. Alicheza na nani. Seki tatu dhidi ya timu dhaifu si sawa na moja dhidi ya mzuiaji ambaye naye anasubiriwa kwenye drafti.

Baada ya video ndipo vinakuja vipimo. Tangu 1987 kambi ya vipimo imekuwa ikifanyika Indianapolis, mwisho wa majira ya baridi. Wanakimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, wanaruka, wanakata kona kuzunguka koni, wanapimwa uzito na mikono. Kwa mlinzi wa mstari wa mbele, yadi 10 za mwanzo zina maana kuliko zote 40, maana ni nadra yeye kukimbia yadi 40 akiwa kazini. Vipimo ni shahidi, si hakimu. Vikikubaliana na video, vizuri. Vikipingana, skauti anarudi kwenye video.

Aaron Donald wa chuo kikuu cha Pittsburgh ni mfano mzuri. Alikuwa na urefu wa sentimita 185 hivi na kilo 129, na wengi wakasema ni mfupi mno kwa mlinzi wa kati. Lakini video ilionyesha hatua ya kwanza na mikono ya ajabu, na saa ikathibitisha: yadi 40 kwa sekunde 4.68. Hata hivyo alisubiri mpaka nafasi ya 13 mwaka 2014, Rams walipomchukua. Akawa mlinzi bora wa ligi mara tatu, 2017, 2018 na 2020, akastaafu 2024. Timu nyingi zilizomruka zilipima umbo zikasahau kazi.

Wakati mwingine hakuna video ya kutosha. Ezekiel Ansah alitoka Ghana akaenda kusoma BYU kule Utah, akaanza futiboli mwaka 2010 akiwa hajawahi kuucheza mchezo huo. Msimu wake wa mwisho alipata seki 4.5 tu. Detroit Lions wakamchagua wa tano mwaka 2013, kwa kuangalia anajifunza kwa kasi gani. Mwaka 2015 alipata seki 14.5.

Swali la mwisho ni timu. Drafti ya 2006 ilifunguliwa na Mario Williams, mlinzi wa pembeni aliyechukuliwa na Houston Texans. Mashabiki walikasirika, walimtaka Reggie Bush. Mwaka wa kwanza akapata seki 4.5, wa pili 14, kelele zikaisha. Raundi ile ile ya kwanza ilifungwa, nafasi ya 32, na Mathias Kiwanuka wa Boston College, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Chuoni alikuwa na seki 37.5. Lakini New York Giants tayari walikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora pembeni, hivyo mwaka 2007 wakamhamishia safu ya nyuma yao. Alicheza Giants mpaka msimu wa 2014. Kumbe kipaji kinahitaji pia nafasi ya kusimama.

Turudi kwa yule mwenzetu anayeshawishiwa aache shule. Tangu mkataba wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, malipo ya mchezaji mpya yanafuata nafasi aliyochaguliwa. Wa raundi ya kwanza na wa raundi ya saba hawafanani hata kidogo, na asiyechaguliwa hana uhakika wa chochote. NFL inayo kamati ya kuwashauri wanafunzi ambao hawajamaliza chuo: inawaambia kama wanaonekana wa raundi ya kwanza, ya pili, au warudi darasani. Mwambie rafiki yako aombe jibu hilo kabla ya kumsikiliza wakala. Kisha kaeni pamoja na video zake, na yale maswali sita hapo juu. Majibu yakiwa mabaya, mwambie ukweli. Goti likivunjika digrii haivunjiki.