Tiketi ya meli ipo, viza bado

Wiki hii tunakaa na barua ya binti wa Kibondo. Mchumba wake ni Mjerumani. Walifahamiana mchumba huyo alipokuwa akifanya kazi na shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, na sasa amerudi kwao. Amelipia nafasi mbili kwenye meli ya kitalii. Wanapandia Civitavecchia, bandari ya jirani na Roma, wanazunguka visiwa vya Ugiriki, wanatia nanga Kusadasi kule Uturuki, kisha wanarudi Italia. Safari ni mwezi wa sita. Mdogo wangu anauliza: "Dada, naanzia wapi, na je, barua yake ya mwaliko inatosha?"

Haitoshi, mpenzi. Afisa wa ubalozi hapimi jinsi mchumba wako anavyokupenda. Anapekua faili lako akitafuta kitu kimoja: sababu ya wewe kurudi Kibondo meli ikishamaliza mzunguko wake. Sababu hiyo mchumba hawezi kukuandikia, kwa kuwa iko kwako, kwenye kazi yako, biashara yako, watoto wako, shamba lako. Barua yake iwemo, lakini iwe karatasi moja kati ya nyingi.

Na kabla ya viza kuna pasipoti. Kwetu huku Kigoma ya juu, hapo ndipo penye kazi hasa. Ada yake ni shilingi 150,000, na hiyo mtu anaweza kujichanga. Kinachotutesa ni majina. Cheti cha ubatizo kimeandikwa kwa R, cha darasa la saba kwa L, kitambulisho cha NIDA kimebeba jina la babu, na cheti cha kuzaliwa hakipo kabisa kwa sababu mama alijifungulia nyumbani. Juu ya hayo, sisi ni watu wa mpakani. Muha wa Kasulu au Kibondo ataulizwa baba kazaliwa wapi, babu kazikwa wapi, mama ni wa kijiji gani, maswali ambayo mwenzako wa Morogoro huenda asiulizwe. Najua inauma kuulizwa uraia wako juu ya ardhi iliyolimwa na babu yako. Inaniuma na mimi. Ila usiende mikono mitupu ukategemea hasira ikufungulie mlango. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo kama hakuna cheti, na barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Wazee wakiwa hai, kaa nao jioni moja uandike majina kamili na vijiji, ili unachosema wewe na wanachosema wao kiwe kimoja. Majina yakipishana, mwone wakili akuandalie hati ya kuyasawazisha kabla hujagusa fomu.

Fomu ya pasipoti hujazwa mtandaoni, na wengi wenu mnakwenda kujaziwa steshenari. Nawasihi, msisimame mlangoni mkichati huku kijana anajaza. Kaa pembeni yake. Soma kila mstari kwenye kioo kabla hajabonyeza kutuma: tahajia ya jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu iwe yako na si yake. Herufi moja iliyokosewa pale itakufuata hadi kwenye viza, bima na tiketi ya meli.

Sasa tuje kwenye viza yenyewe. Viza ya Schengen inafungua nchi 29 za Ulaya, ila huombi ubalozi wowote unaoupenda. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Kwa hiyo Ujerumani, hata kama mchumba ni wa huko, haihusiki na safari hii. Chukua ratiba ya meli uhesabu siku za Italia na za Ugiriki. Italia ina ubalozi Dar es Salaam, Ugiriki haina, basi zungumza na mchumba mapema: usiku kadhaa Roma kabla ya kupanda meli unaweza kuifanya Italia iongoze kwa siku, na wewe ukamaliza mambo yako Dar.

Kuna jambo linalowakwamisha wasafiri wa meli kuliko wa ndege, na naomba ulishike. Uturuki haimo Schengen. Meli ikitia nanga Kusadasi umeshatoka nje ya eneo hilo, na kurudi Ugiriki au Italia ni kuingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi. Kwenye fomu omba ya kuingia mara nyingi, na ambatisha ratiba nzima ya meli ili afisa aone kwa nini unaihitaji. Uliza pia kampuni ya meli masharti ya Uturuki kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, wakujibu kwa maandishi. Nyaraka zisipokamilika, kampuni inaweza kukuzuia pale pale bandarini.

(Na usijione mgeni wa meli kubwa. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ambacho leo kinaunda meli za kitalii, ndicho kilichounda meli yetu ya Liemba mwaka 1913, ikaletwa Kigoma ikiwa vipande.)

Faili lako liwe hivi. Kama ni mwalimu au nesi, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Kama una duka Kasulu sokoni, leseni, TIN na taarifa ya benki ya miezi kadhaa inayoonyesha fedha zikiingia na kutoka kama biashara inavyokwenda. Usikubali mchumba akumwagie milioni kadhaa wiki moja kabla ya kuomba. Afisa ataiona, na itakuharibia. Kama yeye ndiye anayegharamia, aseme hivyo wazi na aonyeshe mapato yake. Ongeza bima ya safari ya angalau euro 30,000 inayokubalika Schengen yote, na pasipoti itakayokuwa hai miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi.

Wengine mtaniuliza: tukifunga ndoa haraka je? Ni kweli, mke wa raia wa Umoja wa Ulaya anayesafiri na mumewe kwenda nchi ya Umoja isiyo ya mume huyo hupewa viza bila ada na kwa haraka zaidi. Mjerumani na mkewe wakienda Italia wanaingia humo. Mchumba haingii. Lakini mdogo wangu, ndoa ya bomani ina tangazo la siku 21, na baada yake kuna maisha. Usiolewe kwa ajili ya meli. Kama mlikuwa mnaoana hata bila safari, hilo ni jingine, na heri yenu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ukali kidogo. Mtu akikuambia Kasulu stendi kwamba ana "mtu wake" ubalozini na anataka utume hela kwenye simu yake, achana naye. Hakuna dalali anayetoa viza. Pasipoti yako ishike mwenyewe, isipokuwa siku unapoikabidhi kwa ajili ya maombi. Na tiketi ya kurudi iwe kwa jina lako na nakala yake uwe nayo wewe, hata kama amelipa yeye.

Muda: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, yakivutana yanafika 45. Alama za vidole lazima ukazitoe mwenyewe Dar, na unajua basi la kutoka Kibondo linavyokula muda. Kwa safari ya mwezi wa sita, mimi ningekuwa nimeshapanga miadi mwezi wa pili au wa tatu. Wakati huohuo mchumba aulize kampuni ya meli mwisho wa kurudishiwa fedha ni lini. Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu. Isome, kisha ukate rufaa au uombe upya ukiwa umejaza pengo lile.

Ukipewa, usikimbilie basi. Fungua ukurasa wenye stika ukiwa bado Dar. Angalia jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya mwisho, idadi ya siku, na sehemu ya kuingia mara ngapi: iwe imeandikwa MULT. Ikiwa ni 01, rudi dirishani siku hiyohiyo na ratiba ya meli mkononi.